Siku Runinga Ilipomuuza Karam Bulti

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya duka langu la kinyozi na mkahawa wa Bayumi, chini kabisa ya roshani ya Umm Karam. Ukikaa upande wa kulia unaiona runinga ya Bayumi. Ukikaa upande wa kushoto unaisikia tu, na wanaoisikia tu ndio wenye maoni mengi. Kulia hukaa Fathi, karani mstaafu wa forodha, tunamwita Rasmi kwa sababu hana habari ambayo hajaigonga muhuri wa neno hilo. Katikati hukaa Nabawi, muuza viatu, jina lake la hapa ni Daktari, maana mchezaji akidondoka yeye huwa keshajua ni mshipa gani. Kushoto ni Usama, Chanzo, mwenye simu mbili na kazi isiyojulikana hata moja. Na kwenye kiti chake cha peke yake, cha chuma, hukaa Ami Bahgat, aliyewauzia mabaharia wa dunia nzima ngamia wa ngozi, mzee mwenye masharubu ambayo hata polisi wa bandari huyapisha. Mimi ni Lutfi, kinyozi, wao huniita Usta, yaani fundi. Nasimama mlangoni na taulo begani, na sipatani na runinga ile, kwa sababu kabla haijaja, habari za Port Said zilikuwa zinatoka kwangu.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya usajili wa wachezaji wa Januari. Dirisha lilikuwa linafungwa saa kumi na moja jioni, na runinga ilikuwa imeweka saa kubwa nyekundu inayohesabu kwenda nyuma, kana kwamba kuna bomu. Sote ni watu wa Fanar, timu ya mji wetu, na Fanar ina mshambuliaji mmoja tu wa maana, Karam, tunayemwita Bulti kama yule samaki, kwa kuwa beki akidhani kamshika hubaki na utelezi mkononi. Kakulia kwa mama yake, kwenye roshani hiyo hiyo iliyo juu ya vichwa vyetu. Kila mwaka wale wakubwa wawili wa Kairo hutuchukulia mchezaji mzuri, na kila mwaka sisi hubaki tunatazamana. Mwezi wa tisa, tetesi zilipoanza, Ami Bahgat alisimama mbele ya watu wote akashika masharubu yake akaapa: Karam akiondoka Januari hii, Lutfi ayanyoe hapa hapa kwenye kona. Miaka thelathini na minne mimi huyapunguza ncha tu. Sijawahi kuuona mdomo wake wa juu, wala sikutaka.

Bayumi alileta kahawa. Ya Rasmi haina sukari, ya Chanzo ni sukari yenye kahawa kidogo.

Rasmi: Rasmi sasa. Karam Bulti anaondoka.

Ami Bahgat: Nani kasema?

Rasmi: Kapteni kasema.

Ami Bahgat: Kapteni yupi? Pale studio wako wanne, na wote mnawaita kapteni. Timu gani hiyo, makapteni wanne na golikipa hakuna?

Rasmi: Yule wa tai ya zambarau.

Ami Bahgat: Wa tai ya zambarau si ndiye aliyetangaza mwaka jana kwamba kocha wetu amefariki, kocha mwenyewe akapiga simu studio?

Rasmi: Akasahihisha, bwana. Akasema habari za kifo chake zimeahirishwa.

Chanzo: Tulieni. Mimi hapa nina mtu. Anasema yuko karibu.

Ami Bahgat: Karibu na nini?

Chanzo: Kuondoka. Jumatatu alikuwa karibu na mazungumzo. Jumanne karibu na makubaliano. Jana karibu na kusaini.

Nikashindwa kunyamaza.

Mimi: Wiki nzima yuko karibu tu, hafiki? Mimi nikikaa wiki nzima niko karibu kumaliza kichwa cha mtu, si nywele zitaota upya?

Chanzo: Usta Lutfi, hii ni lugha ya habari, wewe hukuisomea. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hiyo ndiyo katiba ya waandishi.

Mimi: Na lisipokuja?

Chanzo: Basi lilikuja, hukuwepo.

Daktari alivuta shisha, akatoa moshi taratibu. Yeye husubiri wengine wachoke ndipo alete vipimo.

Daktari: Nyie mnazungumza usajili, mimi nazungumza goti. Mechi ya Ijumaa mlimwona alivyopiga ile kona? Aliinua mguu wa kushoto kabla ya wa kulia.

Ami Bahgat: Sasa ulitaka ainue yote miwili?

Daktari: Cheka tu, Ami. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kocha alimwambia asipige kona, akapiga. Guu hilo limeshavunjika, klabu inaficha. Na wahenga walisema, mficha uchi hazai. Ndiyo maana hafungi magoli.

Mimi: Kafunga mawili Ijumaa.

Daktari: Kwa maumivu!

Ami Bahgat alipindisha ncha ya masharubu upande wa kulia, kisha wa kushoto. Akifanya hivyo ujue ana wasiwasi na hataki tujue.

Ami Bahgat: Jamani, mbona tunazunguka mbuyu? Umm Karam si huyo hapo juu? Mmoja wetu amuulize.

Rasmi: Umm Karam? Atajua nini? Yule mama hana hata dishi.

Chanzo: Wala simu ya maana. Ana ile ya vitufe.

Ami Bahgat: Lakini ndiye aliyemzaa!

Rasmi: Kuzaa ni kuzaa, habari ni habari. Mimi nina watoto watano, niulize sasa hivi wako wapi.

Hapo Bayumi akapiga kelele kutoka ndani: "Picha! Wameweka picha!" Upande wa kushoto wote ukahamia kulia, benchi likainuka mguu mmoja, kahawa ya Daktari ikamwagikia kiatu cha bidhaa yake mwenyewe. Kwenye runinga alikuwa Karam, Karam wetu, kavaa kofia ya sufu, kashika mpini wa sanduku kubwa la bluu. Nyuma yake kulikuwa na ukingo wa chuma uliopakwa rangi nyeupe, maji, na ndege wa baharini. Chini yake maandishi: PICHA YETU PEKEE, BULTI SAFARINI KUELEKEA ULAYA. Wa tai ya zambarau alikuwa akiizungushia picha hiyo duara jekundu, kwanza sanduku, kisha kofia, kisha ndege mmoja.

Runinga siipendi, lakini sanduku nililiona kwa macho yangu.

Rasmi: Ugiriki.

Chanzo: Umejuaje?

Rasmi: Mwangalie yule ndege. Ndege wa kwetu hawanenepi vile.

Daktari: Si Ugiriki, ni Ujerumani. Mwangalieni mtu alivyosimama, kalalia sanduku. Mtu mzima wa afya anasimamia miguu yake. Huyo anakwenda kufunguliwa goti.

Rasmi: Ujerumani kwa meli, Daktari?

Daktari: Mwenye goti bovu hapandi ndege. Hewa inaingia kwenye kifundo.

Chanzo alikuwa anasoma simu ya kwanza kwa jicho moja na ya pili kwa jicho jingine. Nikajua linakuja kubwa.

Chanzo: Wote mmedanganywa. Huyo si Karam.

Ami Bahgat: Si Karam vipi? Namjua tangu anavaa nepi.

Chanzo: Ni mtu aliyefanana naye. Wamempa kofia na sanduku ili dunia imwangalie yeye. Karam mwenyewe yuko Kairo, wamemficha wale wakubwa kwenye nyumba ya mjumbe wao wa bodi, ghorofa ya kumi na moja. Simu wamemnyang'anya. Analishwa njiwa wa kujazwa wali asubuhi, mchana na jioni mpaka asaini.

Hilo halikumshangaza mtu. Kuficha mchezaji ili mwenzako asimpate ni desturi ya zamani, na njiwa ndio chakula chake.

Daktari: Njiwa watatu kwa siku na goti lile? Watamuua.

Rasmi: Na aliyefanana naye anakwenda wapi?

Chanzo: Ugiriki.

Rasmi: Si nilisema!

Daktari: Na wakigundua kule Ugiriki kwamba hajui mpira?

Chanzo: Ndiyo raha yenyewe. Wagiriki wamesaini mtu bandia, wanamrudisha kwa mkopo. Kwa nani? Kwa Fanar! Sisi Jumamosi tunamshangilia mtu bandia, tunamwimbia, na yeye kazi yake ni fundi bomba.

Tukaifikiria hiyo Jumamosi. Kusema kweli, tuna mabeki wawili ambao habari hiyo ingeeleza mengi juu yao.

Ami Bahgat peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mtu mwenye baridi, na jua lilikuwa linampiga usoni.

Ami Bahgat: Mimi yule kijana nilimuuliza. Mwezi wa tisa, pale mlangoni kwa mama yake. Nikamwambia, Karam, mwanangu, watu wanasema. Akaniambia, Ami, waache waseme. Basi. Ndipo nikaapa. Sikuapa kwa wazimu.

Daktari: Hakukwambia anabaki.

Ami Bahgat: Hakuniambia anaondoka.

Rasmi: Samaki mkunje angali mbichi, Ami. Ulitakiwa umsainishe siku hiyo hiyo.

Ami Bahgat: Mimi nina karatasi gani ya kumsainisha mtu, Fathi? Nina ngamia wa ngozi watatu waliobaki.

Juu yetu mlango wa roshani ukafunguka. Umm Karam akatoka na kitambaa chake cha jikoni begani, akateremsha kikapu kwa kamba kama afanyavyo kila siku, akaita: "Bayumi! Yaa Bayumi! Nitilie ndimu kumi, na umwambie Hamido wa samaki aniongezee kilo mbili. Upesi, wali unaiva!"

Kikapu kikatua katikati yetu. Bayumi akakimbia. Sisi tukakitazama kile kikapu kama wachunguzi.

Chanzo: Kilo mbili za nyongeza. Mama anayekaa peke yake.

Daktari: Huzuni. Mama aliyeachwa hula kupita kiasi. Shemeji yangu alipohamia Suez, mke wangu alimaliza sinia la wali akiwa amesimama.

Rasmi: Au ni karamu ya kumuaga.

Mimi: Kumuaga mtu aliye Ugiriki?

Rasmi: Kumuaga rasmi.

Ami Bahgat akainua kichwa, akajisafisha koo.

Ami Bahgat: Ya Umm Kar—

Rasmi akamziba mdomo kwa kiganja, masharubu na yote.

Rasmi: Una akili wewe? Hujamwona mama wa watu anavyochangamka? Hajui! Ndiyo kwanza anakamua ndimu. Habari ya mwanawe kuondoka ndiyo ya kupigiwa kelele kutoka barabarani?

Hapo alisema kweli, au sote tulidhani kasema kweli. Kwetu habari mbaya hairushwi juu kutoka chini, mtu hupanda ngazi, hukaa, hunywa maji, ndipo huanza na "kila jambo ni la Mungu." Na kati yetu hakuna aliyetaka kuzipanda zile ngazi. Bayumi akarudi na samaki na ndimu, kikapu kikapanda, mlango wa roshani ukafungwa. Harufu ya bizari na kitunguu cha kukaanga ikatushukia, tukaivuta kwa huzuni.

Ilipofika saa kumi na dakika thelathini na tano, utepe mwekundu ukapita chini ya skrini. Safari hii haukuandika "karibu", wala "pekee", wala "haraka". Uliandika neno moja la Fathi: RASMI. BULTI AONDOKA FANAR.

Fathi alisimama. Aliweka mkono kifuani kama anasikiliza wimbo wa taifa. Miaka yote alikuwa amelisema neno hilo yeye, na leo runinga imelisema, na nilimwona halimfurahishi.

Chanzo: Wamesema chanzo cha karibu na mchezaji kimethibitisha.

Sote tulikuwa tunamtazama Ami Bahgat bila kumtazama. Aliweka kikombe chini, akajifuta mikono kwenye kanzu.

Ami Bahgat: Usta Lutfi. Toa kiti nje.

Mimi: Ami, kuna baridi.

Ami Bahgat: Toa kiti.

Mimi: Dirisha bado halijafungwa. Tusubiri saa kumi na moja.

Ami Bahgat: Mimi sikuapa kwa dirisha. Niliapa akiondoka. Kaondoka.

Mimi: Nitayapunguza. Nitayafanya membamba ya kisasa, watu waone umetimiza.

Ami Bahgat: Lutfi! Nimekaa na mabaharia miaka arobaini, wengine walichukua kitu kwangu wakaahidi kulipia wakirudi, na walirudi, kwa sababu nami nikiwaahidi nilitimiza. Leo nikilimeza neno langu, kesho nikikwambia asalaam aleikum utaamini nakutakia salama?

Nikatoa kiti. Tangu nilipokuwa mwanafunzi sijawahi kukosea kupaka povu, lakini siku hiyo brashi ililipiga mpaka shavuni, mpaka sikioni. Watu wa duka la redio wakatoka. Wacheza domino wakaacha mawe yao mezani. Ami Bahgat aliketi wima, akafumba macho.

Ami Bahgat: Si masharubu, unajua. Masharubu yana faida gani kwa mzee? Ni kwamba niliwaambia wote wanyamaze, nikasema huyu ni mtu wetu. Na yeye kaenda bila hata kunipungia mkono. Hilo ndilo linaloniuma.

Daktari: Ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji.

Mimi: Nabawi, wewe una kipara na kidevu kama yai. Utatia maji wapi?

Nikaanza upande wa kushoto. Wembe ulipita mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu sharubu la kushoto likadondoka kwenye taulo, zima, kama ndege mdogo. Mtu mmoja nyuma yangu akasema "La haula." Rasmi aligeukia ukuta.

Ndipo tukasikia kengele ya chuma ikija mtaani, ta-ta-ta, ta-ta-ta: spana ikigonga mtungi. Alikuwa mtu wa gesi, lakini si yule wetu wa siku zote. Huyu alikuwa mgeni, kijana wa Port Fuad, ng'ambo ya mfereji, mwenye baiskeli ya magurudumu matatu na mitungi sita nyuma. Akasimama akamtazama Ami Bahgat, upande wenye sharubu, kisha upande usio nalo. Kwa adabu akageuza macho kwangu.

Mtu wa gesi: Samahani, kwa Umm Karam ni ghorofa ya ngapi? Kapiga simu, gesi imekatika na samaki wako motoni.

Mimi: Ya pili. Panda polepole, ndugu yangu. Na ukifika usimwambie kitu.

Mtu wa gesi: Nimwambie kitu gani?

Chanzo akamwonyesha simu. Ile picha: kofia, sanduku la bluu, ukingo mweupe, ndege.

Chanzo: Karam Bulti, mwanawe. Kaondoka. Hapo yuko Ugiriki.

Daktari: Ujerumani.

Mtu wa gesi akaishika simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

Mtu wa gesi: Hiki si kivuko chetu?

Rasmi: Kivuko gani?

Mtu wa gesi: Kivuko cha Port Fuad. Nimeshuka nacho sasa hivi. Ukingo ule pale penye tundu, uliogongwa na lori la matikiti. Nyie hampandi kivuko?

Tunapanda. Kila siku ya Mungu tunapanda. Daktari ana duka lake la pili ng'ambo, hukiegemea ukingo ule asubuhi na jioni. Tukaiangalia picha upya, na lile tundu likawa pale pale, la matikiti, na lilikuwa pale tangu mwanzo.

Mtu wa gesi akarudisha simu, akainama kuubeba mtungi begani. Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa, kama mtu anayetaka kuelewa kabla hajapanda ngazi:

Mtu wa gesi: Sasa huyu mwenye sanduku, hapa anaondoka au anakuja?

Chanzo akaangalia simu ya kwanza. Akaangalia simu ya pili. Rasmi alimtazama Daktari, Daktari aliitazama shisha yake iliyozimika. Mimi nilikuwa na wembe hewani. Runinga ndani ya mkahawa ilikuwa inasema kwamba wamethibitisha kutoka vyanzo viwili kwamba Bulti sasa hivi yuko angani, na makapteni wote wanne walikuwa wakimtakia kila la heri.

Mtu wa gesi akapanda zake na mtungi.

Dakika haikupita, mlango wa roshani ukafunguka tena. Akatoka mtu kavaa fulana ya zamani ya shule na suruali ya kulalia, bakuli mkononi, shavu moja limejaa. Akaegemea roshani.

Karam: Bayumi! Mama anasema ndimu zilikuwa nane, si kumi!

Rasmi aliinua macho kwenye roshani, akayashusha kwenye runinga, akayainua tena.

Rasmi: Anafanana naye sana.

Karam: Mbona mmejaa hivi? Kuna msiba?

Chanzo: Karam! Wewe... hujaenda Ulaya?

Karam: Ulaya kufanya nini? Nimeleta nguo zangu chafu asubuhi, kabla hamjafungua, mashine ya kufulia kule kambini Port Fuad imekufa. Sanduku zima soksi tupu. Mama kanilaza mchana wote, nimeamka sasa hivi.

Daktari: Na goti?

Karam: Goti gani?

Rasmi: Lakini wamesema rasmi, mwanangu. Chanzo cha karibu nawe kimethibitisha.

Karam: Cha karibu nami? Karibu nami ni mama, na nyie hapo chini ya miguu yangu. Mbona hamkupiga hodi?

Bayumi aliingia ndani akazima runinga bila kuambiwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ikasikika mitungi ya gesi, na maji ya mtu anayeosha ngazi, na Umm Karam jikoni akimwambia mtu wa gesi asiondoke kabla hajala. Karam akaacha kutafuna. Alikuwa ameuona uso uliokuwa kwenye kiti changu, nusu povu, nusu sharubu.

Karam: Ami Bahgat? Nani kakufanyia hivyo?

Sote tukatazama chini. Ami Bahgat ndiye aliyemtazama, kichwa kimelala nyuma, macho yamejaa maji yasiyotokana na wembe.

Ami Bahgat: Hakuna, mwanangu. Nilikuwa napunguza. Unabaki?

Karam: Nina mkataba mpaka mwakani, nitakwenda wapi? Na saa yenyewe ni kumi na moja kasoro dakika tano. Hizo dakika tano bado nitakuwa kwenye samaki. Pandeni wote, mama kapika wa mtaa mzima.

Akaingia ndani. Watu wa duka la redio wakaanza kupiga makofi, sijui wakimpigia nani. Chanzo akaziweka simu zake mfukoni, zote mbili, jambo ambalo sijawahi kuliona. Daktari akasema kwamba kwa jinsi alivyosimama pale roshani, goti limepona haraka mno, na hiyo nayo ni dalili.

Mimi nilichukua kitambaa nikaanza kumfuta Ami Bahgat povu upande wa kulia. Akanishika mkono.

Ami Bahgat: Unafanya nini?

Mimi: Nimeacha. Hajaondoka, kiapo hakipo tena. La kulia libaki, la kushoto litalifuata.

Ami Bahgat: Nipande kwa Umm Karam na nusu uso? Maliza.

Mimi: Ami, ni miaka thelathini na minne!

Ami Bahgat: Maliza, Lutfi. Masharubu yataota. Kijana kama Karam haoti mara mbili.

Nikamaliza. Nikamwosha kwa maji ya vuguvugu, nikampaka marashi ya kolonya, nikamshikia kioo. Alijitazama muda mrefu, akajigusa juu ya mdomo kama anagusa ukuta uliopakwa rangi leo, na sisi tukamtazama. Alikuwa anatabasamu, pana, mpaka mashavuni. Pengine alikuwa akitutabasamia hivyo nyuma ya masharubu miaka yote hiyo, na hapa kwenye kona sote tulikuwa tukimwita mkali.